Breki Zilizoshika Jioni Tu

Siku niliyomwaga unga aliokuwa anauza Maman Angèle pale chini ya mteremko, mama yangu aliniwekea sharti mbele ya watu, na mama yangu akishasema neno mbele ya watu, hata ulie machozi ya damu halibadiliki. Alifika mbio kutoka nyumbani, akanikuta nimelala kwenye unga mweupe, baiskeli juu yangu, gurudumu bado linazunguka. Hakuuliza kama nimevunjika.

"Clotilde," akasema, "nakupatia chance moja tu. Ii kinga ikishindwa kusimama tena, hata mara moja, dimanche naipatia Diacre Athanase."

Kinga ndiyo baiskeli kwa lugha yetu ya Likasi, na dimanche ni Jumapili. Diacre Athanase ni shemasi wa kanisa letu, mtu mwema, ila tangu baiskeli ile iingie kwetu alikuwa anakuja kutusalimia mara nyingi kuliko zamani, na akishasalimia anaipapasa kiti. Mama na mimi tuliinunua pamoja, kwa hiyo sauti juu yake mama alikuwa nayo. Nilinyanyuka, nikamwomba Maman Angèle radhi, nikajifuta unga usoni, na palepale nikaamua kwamba Athanase hataipanda.

Mimi nauza mikate. Kila alfajiri naichukua ya moto kwa mwokaji wa mjini, kama umeme wa bwawa la Koni haujatuchezea, naipeleka Kamatanda kwa wachimbaji kabla hawajashuka mashimoni. Kule biashara ni ya anayetangulia. Wa kwanza anamaliza kikapu chote. Wa pili anarudi nyumbani na mikate yake, na watu wa kwake wanaila kwa chai mpaka wanamchukia. Nilifanya kazi hiyo kwa miguu, beseni kichwani, na kwa miaka yote ile nilikuwa wa pili. Tangu baiskeli ije nimekuwa wa kwanza, na mtu aliyeonja kuwa wa kwanza usimwambie arudie beseni.

Shida ni mteremko. Kutoka mtaani kwetu barabara inashuka moja kwa moja hadi kwenye njia ya reli. Treni si tatizo, inapita inapojisikia. Tatizo ni malori ya mawe ya madini, yanayokatiza pale chini tangu asubuhi mpaka jioni na hayamwoni mtu wa baiskeli. Usiposimama pale, hakuna wa kusimama kwa niaba yako.

Baiskeli yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuja ndani ya kontena kutoka Ulaya, ya bluu, imechoka kidogo, lakini fremu yake nzima na rimu zake za alumini hazijapinda. Kilichokuwa kimekufa ni patin za breki, vile vipande vya mpira vinavyobana rimu ukivuta mkono wa breki. Vilikuwa vikavu kama muhogo uliosahauliwa juu ya bati. Ukivuta, vinapiga kelele tu. Ndivyo nilivyoingia kwenye unga.

Basi nilikwenda sokoni kutafuta patin mpya, na sikwenda kubahatisha.

Wa kwanza kuniita alikuwa Ricky, anayetengeneza baiskeli kwenye kona ya soko. Ricky hauzi patin za dukani. Anazikata mwenyewe kwa kisu kutoka kwenye tairi kuukuu za malori, na mdomo wake unauza kuliko kisu.

"Yaya Clotilde, dada yangu, kamata ii. Ni pneu ya camion. Camion inabeba tani na tani, na inasimama. Itashindwa na weye tu?"

"Camion haisimame na pneu, Ricky. Inasimama na frein."

Watu wakacheka. Ricky hakukata tamaa. "Batu ya makala bote banatumika na yangu!"

Hapo hakudanganya. Wabeba makaa wote wa Likasi wanafunga patin za Ricky na wanashuka milima na magunia yao. Lakini baiskeli zao ni zile nyeusi nzito zenye rimu za chuma. Nilikigeuza kile kipande mkononi nikaona nyuzi za chuma zimechungulia ndani ya mpira. Kwenye alumini yangu zingefanya kazi ya tupa, na baada ya majuma machache ningekuwa natafuta rimu. Nikamrudishia, nikamshukuru, nikaenda zangu huku anaendelea kuniita.

Papa Assumani ana duka la vipuri mbele kidogo. Watu wake ni wa Kasongo, kule Maniema, waliteremka huku zamani na biashara zao, na yeye kofia yake ya kusalia haitoki kichwani. Hana makelele ya Ricky. Alitandika kitambaa juu ya meza akaniuliza swali lile nililotaka kuulizwa.

"Jante yako ni ya chuma ao ya alumini?"

"Alumini, Papa."

Akatoa patin zilizofaa, akazipanga juu ya kitambaa, akaniacha nichague. Zile fupi niliziweka kando mapema, maana kwa kikapu kilichojaa na mteremko ule nilitaka mpira mrefu unaokamata sehemu kubwa ya rimu. Kulikuwa na nyekundu nzuri sana, inang'aa. Nikaikandamiza kwa ukucha, ukucha ukateleza kama juu ya sahani.

"Ile njo vijana banapenda," akasema Papa Assumani.

"Juu ya nini?"

"Juu ya rangi."

"Minye sitafute rangi, Papa. Natafuta kusimama."

Akatabasamu, akanisogezea nyeusi, ndefu, yenye skrubu na nati nyuma ili mtu aweze kuielekeza anavyotaka. Nikaikandamiza. Ukucha uliacha alama, kisha alama ikapotea taratibu. Mpira laini lakini si mchovu. Nikainusa, ikanukia mpya. Nikachukua za mbele na za nyuma.

Nilizifunga mwenyewe uani, kwa sababu fundi wa kwanza wa baiskeli yangu ni mimi. Niliipindua, nikaiosha kwa sabuni, nikafunga patin moja baada ya nyingine: isiguse tairi, isishuke chini ya rimu, na ncha yake ya mbele itangulie kugusa kidogo ili isilie. Jioni ile niliipanda mtaani kwetu. Nikakimbiza, nikavuta breki, baiskeli ikasimama papo hapo mpaka nikakaribia kuruka juu ya usukani. Majirani walipiga makofi. Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga. Aliangalia, akasema "Mm," akaendelea na mboga zake. Kwa mama yangu hiyo "mm" ni sifa kubwa.

Nililala vizuri. Alfajiri niliamka mama akiwa tayari kwenye maombi yake, kama kawaida. Yeye ni mwombezi wa kanisa, huamka kabla ya jogoo na kuombea nyumba, ukoo, mtaa na serikali, na sisi tumezoea kuamshwa na sauti yake. Nilitoa baiskeli sebuleni inakolala, nikachukua mikate yangu, nikafika juu ya mteremko, nikashuka.

Nikavuta breki. Hakuna.

Nilivuta kwa mikono yote miwili mpaka vyuma vikagusa usukani, na baiskeli ikaendelea kushuka kama mtu aliyesikia jina lake akakataa kugeuka. Chini, lori lilikuwa linakuja kukatiza. Niliona taa zake, nikaona hata kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kioo. Nikateremsha miguu yote miwili chini, viatu vikaungua, nikakata kona nikaingia kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Mchanga ukanikamata hadi magotini. Lori likapita bila hata kupiga honi.

Hakuna aliyeniona. Nilikaa juu ya mchanga, nikahesabu kwamba bado ninayo miguu yangu, kisha woga ukaisha na hasira ikakaa mahali pake. Niliuza mikate Kamatanda bila kumsalimia mtu vizuri, na jua lilipopanda nikawa mbele ya meza ya Papa Assumani, baiskeli yangu imejaa vumbi jekundu, na wateja wake wote wananisikiliza.

"Papa Assumani, uliniuzisha feki!"

"Polepole, mama."

"Polepole njo nini? Nilibakia kidogo niingie chini ya camion! Minye nitakupeleka Buluo!"

Kila mtu Likasi anajua kule Buluo kuna gereza. Papa Assumani alinitazama, akaitazama baiskeli. "Buluo ni mbali, mama, na kinga yako haina frein."

Wateja walicheka, na mimi nikazidi kuwaka. Lakini yeye hakucheka. Aliinama, akapapasa patin, akajifuta vidole vilivyojaa uchafu. Akasema mpira anaujua, ameuza ule ule kwa watu wengi, na njia ya Kamatanda iko na vumbi mingi. Mwishowe akanibadilishia bila kuongeza neno, akanipa za aina nyingine zilizokuwa bado zimefungwa kwenye karatasi yake. "Na hizi zikikataa," akasema, "minye sijue tena."

Jioni nikaosha baiskeli, nikafunga patin mpya, nikapanda. Ikasimama vizuri kuliko jana. Nikamwita mama aone, akaona.

Alfajiri, juu kabisa ya mteremko, kabla sijashuka, nilivuta breki kwa kujaribu tu, kwa sababu niliyechomwa jana sikuwa mjinga leo. Magurudumu yakateleza kama hakuna kitu. Nilishuka mteremko ule kwa miguu, nimeikumbatia baiskeli na kikapu chake kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Nilifika Kamatanda wa pili. Jioni tulikula mikate. Mama alinitazama, akaitazama mikate, nami nikaendelea kutafuna, maana neno moja tu lingempa Athanase baiskeli yangu.

Sasa nikaanza kufikiri. Breki iliyoshika jioni ikakataa asubuhi haijaharibikia barabarani. Imeharibikia nyumbani, usiku, imeegemea ukuta. Nikasema kuna mtu anaingia kubadilisha patin zangu na kuniwekea mbovu. Nilimshuku Ricky, na Mungu anisamehe, nilimshuku hata Diacre Athanase. Kabla ya kulala nilizisugua patin zile kwenye saruji ya kizingiti mpaka zikatoa sura mpya, nikaosha rimu, nikajaribu, ikashika. Kisha nikachora alama ndogo kwa kisu kwenye kila patin, mahali ambapo ningepajua mimi tu.

Ilikuwa kuamkia Jumamosi. Nilitoa baiskeli nje, nikavuta breki mlangoni pale pale. Inateleza. Nikachuchumaa na tochi ya simu. Alama zangu zote zipo. Hakuna aliyebadilisha kitu. Kilichokuwa kigeni ni rimu yenyewe: ilikuwa inang'aa mno. Kwa siku zote zile nilikuwa nimeuona mng'ao ule nikajisifu kwamba najua kuosha. Nikapitisha kidole. Kidole kikateleza. Nikakinusa.

Kilinukia kanisa. Kilinukia kuwekewa mikono, kilinukia Jumapili ya upako. Katika nyumba yetu kuna chupa moja tu ya mafuta ya zeituni, nayo inakaa kabatini karibu na Biblia ya mama, na hakuna anayeigusa ila yeye.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Tangu siku ile ya unga, mama alikuwa anaamka kuombea baiskeli. Na mama yangu hana uchoyo katika maombi. Hakupaka tone, alipaka magurudumu pande zote mbili, kwa kuwa gurudumu ndilo linalokanyaga njia na njiani ndiko mabaya yanakotegwa. Mbele ya watu aliniwekea sharti, na nyuma ya mgongo wangu akawa anapigana vita ili nisishindwe. Na kila alipopaka, alikuwa ananisukuma chini ya malori.

Nilitembea mpaka Kamatanda nikiikokota baiskeli, na njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Kulikuwa na njia rahisi: nyamaza, kila alfajiri pitisha sabuni kwenye rimu, kisha nenda zako. Mama asingejua. Mtu mpole angefanya hivyo. Lakini mimi nilijua asubuhi moja nitachelewa, nitaruka sabuni, na siku hiyo lori halitakuwa na mchanga pembeni. Tena nilikuwa nimekasirika, sifichi. Nampenda mama yangu, lakini na miguu yangu naipenda. Nikaamua nitamwambia, na nitamwambia leo, kwa sababu kesho ni Jumapili.

Nikirudi nilipita kwa Papa Assumani. Nikamwambia mbele ya wateja, kwa sauti ile ile niliyomtukania: "Papa, patin yako iko muzuri. Kosa ilikuwa ya kwetu nyumbani." Hakuuliza kosa gani. Alisema tu, "Alhamdulillah, Buluo imenipita," akanipa kipande cha msasa bure.

Nilipofika uani niliipindua baiskeli, ikasimama juu ya kiti na usukani. Gurudumu la nyuma niliosha kwa sabuni na majivu, nikasugua patin zake kwa msasa mpaka zikawa nyeusi safi. La mbele sikuligusa. Kisha nikaita.

"Mama, kuya kidogo."

Alikuja anajifuta mikono kwenye pagne, kitenge chake cha kiunoni. "Kuko nini?"

"Zungusha roue ya nyuma. Nguvu. Sasa kamata frein yake."

Akazungusha, akavuta. Gurudumu likafa pale pale. Akashangaa, uso ukamfunguka. "Eh! Iko muzuri!"

"Sasa ya mbele."

Akazungusha, akavuta. Gurudumu likaendelea. Akavuta kwa mikono miwili, nalo likaendelea, likizunguka mbele ya uso wake mpaka likachoka lenyewe. Nilipitisha kidole kwenye rimu ile, nikakipeleka puani kwake.

Mama yangu alinusa. Nikaona anavyojua.

"Ni minye?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ikaniacha pale nilipoihitaji. Lakini nilikuwa nimeshaamua.

"Ee. Njo weye, mama."

"Minye nilikuwa napaka ma roue juu kinga isikutupe!"

"Najua."

"Mafuta ya maombi haiwezi kutupa muntu, Clotilde! Haiwezi!"

"Mama, mafuta ni mafuta. Ungepaka kiti, ungepaka guidon pale nashikilia, singesema kitu. Ulipaka pale fasi frein inakamata. Jeudi, ile asubui ya kwanza, nilibakia kidogo niingie chini ya camion."

Akaingia ndani. Nilisikia mlango wa chumba chake. Nilibaki uani nikiosha gurudumu la mbele huku machozi yananitoka, na nikalisugua kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Nilijisemea kwamba nimemvunja mama yangu kwa sababu ya mikate.

Alitoka wakati jua limeanza kulala. Hakukaa. Alisimama akiitazama baiskeli, si mimi.

"Weye ulikuwa kwa shangazi yako ile siku Alexis alienda," akasema.

Alexis alikuwa mdogo wangu. Shimo lilimfunika Kamatanda, yeye na wenzake, na tangu hapo jina lake halitajwi ovyo kwetu.

"Tulikuwa tumegombana. Juu ya kintu ya bure, juu ya shati, chemise moja tu. Akakuya asubui, akapiga magoti, akasema, mama, niwekee mukono. Nikamuambia, enda na kichwa yako ngumu. Akaenda. Sikumupaka hata tone moja." Akagusa gurudumu. "Nikaapa mbele ya Mungu, mutoto wangu hataingia tena mu hatari bila mafuta."

Sikulijua hilo. Kwa miaka yote tuliyolala chini ya bati moja, sikulijua. Nilitaka kumshika, lakini mama yangu si mtu unayemshika tu. Akageuka, na kabla hajaingia akasema: "Kesho sitapaka kitu. Kama ii frein iko vile unasema, utanipeleka kanisa na kinga."

"Na Diacre?"

"Diacre atatuona tukifika. Ao hatatuona."

Jumapili asubuhi mama alitoka na pagne yake ya ibada, kilemba, na Biblia. Kwanza niliikagua rimu kwa kidole, mbele na nyuma. Kavu. Akapanda nyuma, juu ya chuma cha kubebea kikapu, ameelekeza miguu upande mmoja kama mke wa chifu. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Mama yangu hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, na si mwepesi.

Juu ya mteremko alinishika kiunoni. "Clotilde, polepole."

"Mama, bado sijaanza."

Nikaachia. Uzito wetu wawili uliivuta baiskeli kuliko kikapu chochote, upepo ukaingia kwenye kilemba chake, na nyuma yangu nikamsikia anaanza kuomba kwa sauti. Chini, lori lilikuwa limeshajitokeza, limejaa mawe, halina haraka. Nilivuta breki ya nyuma, kisha ya mbele. Nikasikia mpira unakamata rimu, ule mkwaruzo mkavu mzuri nilioutafuta kwa ukucha dukani. Mwendo ukapungua, ukapungua tena. Tukasimama hatua kadhaa kabla ya reli, miguu yangu chini, mama bado juu. Lori likapita mbele yetu na vumbi lake.

Mama hakushuka. Maombi yalikuwa yamekatika.

"Clotilde."

"Ee, mama."

"Juu ya kinga uliniambia ukweli. Uliniambia njo minye."

"Ee."

"Sasa niambie tena ukweli. Usinihurumie. Alexis, kama ningemupaka mafuta ile siku?"

Mimi nilitoka kwa shangazi moja kwa moja hadi kwenye lile shimo, walipokuwa bado wanafukua. Niliona udongo uliolowa mvua ya usiku, na niliona kwamba hakuna hata mti mmoja uliotegemeza kuta. Walichimba kwa pupa, wakachimba kwenda chini ya miguu yao wenyewe. Jibu nilikuwa nalo siku zote, ila hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Shimo ingeanguka tu, mama. Haikuwa weye."

"Haikuwa minye?"

"Hapana, mama. Haikuwa weye."

Akaweka paji la uso mgongoni kwangu. Hakulia kwa sauti kama alivyolia msibani. Nilihisi tu blauzi yangu inalowa, na mwili wake unatikisika juu ya kile chuma. Waliokuwa nyuma yetu walianza kupiga kengele tuwapishe, na mmoja akatutukana. Barabara ilikuwa wazi, hakuna lori tena, lakini niliendelea kuzivuta breki zote mbili kwa nguvu zangu zote, vidole vikaniuma, kwa kuwa niliogopa baiskeli ikisogea hata kidogo atainua kichwa.

Mwishowe akakiinua mwenyewe, akajifuta kwa ncha ya pagne.

"Basi, achilia," akasema. "Tuende. Athanase anangojea bure."